Kwa wandugu wapya wa kiwanja cha ndege: sikio ndilo chombo chenu



Mmetoka Kasongo, mmetoka Kabambare, wengine Kibombo na Kindu, na mmepewa kazi kwa kiwanja cha ndege: hawa kwa foni, ndiyo ile redio ya kusemea na ndege, wale kwa pisti. Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mawe yanayoanguka, vumbi la mapafu, baruti na mashini za kusaga. Leo tunasema juu ya kazi isiyotoa jasho. Mtu anaketi kwa kiti, kaye mbele yake, kaski masikioni, anangojea sauti. Wale wa shimoni wakipita wanamchungulia kwa dirisha na kusema: huyu ndugu analipwa kwa kukaa.

Wasimcheke. Mchimbaji akikosea, hatari inamwangukia yeye na ekipi yake. Mtu wa foni akikosea, hatari inawaangukia watu asiowaona, walio juu ya msitu, wasio na fasi ya kusimama kando ya njia. Tena upande wetu ndege si ya wakubwa tu. Wakati wa mvua, njia ya Kasongo kwenda Kabambare inashika matope mpaka magari yanalala njiani. Siku zile mtu aliyevunjika mgongo, mama ambaye uzazi umemshinda, damu ya kuongeza, chanjo za watoto, vyote vinangojea ndege. Mimi ni msaidizi wa munganga. Watu wa machela ni watu wangu, ndiyo sababu ninajiingiza katika kazi yenu.

Wewe ni nani kwa foni?

Hapa wapya wengi wanachanganyikiwa. Katika kiwanja kikubwa kama kile cha Kindu kuna mnara, na ndani yake muongoza ndege aliyesomea kazi hiyo na mwenye ruhusa. Huyo anaamuru: ngoja, geuka, shuka, usipande. Katika inchi yetu kazi hiyo ilikabiziwa Régie des Voies Aériennes, tunayoiita RVA, iliyoanzishwa mwaka 1972. Sheria za dunia yote juu ya ndege za raia, zilizotoka katika mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, zinasema ya kama muongoza ndege anapashwa kuwa na miaka 21 kwa uchache, na mbele ya kuachiwa kazi anafanya miezi 3 kwa uchache chini ya macho ya mwenzake aliye na ruhusa. Angalieni vizuri neno hilo. Hata aliyemaliza masomo na kushinda mtihani, hana haki ya kukaa peke yake siku ya kwanza.

Viwanja vyetu vya udongo havina mnara. Mtu wa foni wa kampuni haamuru ndege, anatoa habari. Upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Mvua iko karibu ama mbali. Pisti imekauka ama ina matope. Mbuzi, baiskeli na watoto wa shule wameondolewa ama bado. Rubani akisikia, ni yeye anayekata shauri. Basi usiseme kamwe “unaweza kushuka”. Sema unachokiona, na usichokiona sema hukioni. Mpya anayependa kujionyesha mkubwa ataamuru, na rubani mgeni atafikiri ya kama anasema na mnara kamili, ataacha kujiangalizia mwenyewe.

Na kama sheria kubwa zinampa muongoza ndege miezi 3 na mwenzake kando yake, kwa nini sisi tumpe mtu wa foni asubui moja na kumwachia ufunguo? Wandugu wapya, ulizeni siku ya kwanza: ni nani atakaa nami, na mpaka lini? Mashefu wa ekipi, jina la mtu huyo liandikwe katika kaye ya posti.

Neno la kwanza: rudilia

Rubani anasema namba, wewe unazirudilia. Wewe unasema, yeye anarudilia. Hii si adabu ya wazungu. Hakuna njia nyingine ya kujua ya kama kilichoingia sikioni ni kile kilichotoka kinywani. Foni ya mbali inalia na kupasuka, hasa mangaribi wakati radi zinakusanyika, na namba inafika nusu. Tena watu wawili wakisema pamoja kwa njia moja, sauti zinauana, na mara nyingi hakuna hata mmoja anayejua ya kama hakusikiwa.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife cha Uhispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa kwa pisti moja ndani ya ukungu. Mnara haukuwa na rada ya kuziona chini. Rubani mkubwa wa KLM alianza kukimbiza ndege yake ili aruke, akizani amekwisha kupewa ruhusa, na hakupewa. Mnara ulimwambia angoje. Nukta ile ile Pan Am ilisema ya kama iko bado kwa pisti. Maneno mawili yakagongana, na ndani ya KLM sehemu kubwa ikasikiwa kama mlio tu. Mhandisi wa ndege hiyo alisikia kitu. Akauliza: yule wa Pan Am hajatoka kwa pisti? Akajibiwa ya kama ametoka. Hakuuliza mara ya pili. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kupita ile. Nyuma yake maneno ya kazi yalibadilishwa: neno lenyewe la kuruka halitamkwi tena ila wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka ama kuiondoa.

Mimi ninamfikiri sana yule mhandisi. Alikuwa mtu wa kazi, anajua kazi, na mashaka yake yalikuwa ya kweli. Kilichomnyamazisha ni jibu moja la mkubwa wake. Sasa mfikirieni mpya wetu. Amesikia nusu ya namba. Mzee wa posti anamwangalia. Haya inamshika, anajibu: “Ndiyo, nimesikia.” Ninawaona watu wa namna hiyo hata kwa dispanseri: unamweleza mgonjwa dawa, anasema ndiyo, ndiyo, na nyumbani anameza vidonge vya siku 3 kwa mara moja. Siku hizi simwulizi tena “umesikia?” Ninamwambia: sasa nielezee wewe.

Ninyi wazee wa foni, hapa neno ni lenu. Mkimcheka mpya mara moja tu kwa sababu ameomba kurudilia, hataomba tena. Atajifunza kufunika. Na hamtajua ni siku gani alifunika.

Saa tatu za mtu mmoja

Kuna jambo la saa, linalochekesha mpaka siku linapoacha kuchekesha. Ndege za dunia yote zinafuata saa moja, inaitwa UTC. Sisi wa Maniema tuko mbele yake kwa saa 2, Kinshasa iko mbele kwa saa 1. Juu ya hayo, kwa kinywa chetu tunahesabu tangu jua kutoka. Basi ndege inayofika saa 12.00 ya UTC, kwa saa ya mkono wako ni 14.00, kwa kinywa chetu ni saa nane ya mchana, na kwa ndugu aliye Kinshasa ni saa saba tu. Mpya akiandika “saa nane” katika kaye, mwenzake wa posti ya nyuma atasoma nini?

Katika kaye andikeni namba nne za UTC, basi. Kwa ukuta wekeni saa mbili, moja ya UTC na moja ya kwetu, na juu ya kila moja jina lake. Kama posti yenu ina saa moja, ombeni ya pili. Bei yake haifiki ya kiatu kimoja cha kazi.

Kwa nini ninakaza hivi? Kwa sababu ya dakika 30. Ndege iliyopashwa kuwaita kwa foni, ama kufika, ikipitisha dakika 30 bila neno, mnapashwa kuanza kuuliza kila fasi: ilikotoka, viwanja vya karibu, Kindu. Hamngojei jioni. Mwenye kuchanganya saa anakaa anangojea ndege iliyokwisha kuanguka, ama anawaamsha watu kuitafuta ndege ambayo haijaruka. Mtu anayetoka damu msituni hawezi kungojea saa 2 za makosa ya kuhesabu.

Masikio, kinini na mashini ya kutoboa

Sasa niingie katika kazi yangu mwenyewe. Chombo cha mtu wa foni ni sikio, na upande wetu sikio lina adui wengi.

Wa kwanza ni kinini. Kwa malaria ya kawaida siku hizi tunatoa vidonge vya namna ya artesunati na amodiakini, lakini kinini bado iko, na watu wengi wanainunua wenyewe sokoni. Kinini inaponya, lakini inafanya masikio yalie “nziii” mchana na usiku, inapunguza kusikia, inatia kizunguzungu, na mara nyingine macho yanaona ukungu. Kwa kawaida hayo yanaisha dawa ikiisha. Lakini wakati unapoimeza, usikae kwa foni. Sisemi uache dawa. Malaria isiyomalizwa itakurudia na nguvu. Maliza dawa yako na umwambie shefu akuweke kwa kazi nyingine siku hizo. Na hata kwa artesunati na amodiakini watu wengi wanalalamika ya kama mwili umelegea. Mtu wa malaria ni mgonjwa, hata kama amekuja kazini kwa miguu yake.

Wa pili ni vidonge vya mafua na vya kujikuna, kama klorofeniramini na prometazini. Vinaleta usingizi. Ukivimeza jioni, asubui usingizi unaweza kuwa bado ndani yako, nawe unafikiri umeamka.

Wa tatu ni makelele. Hapa ninasema na wakubwa wa kazi. Tuna desturi nzuri ya kumpa kazi ya kukaa mtu aliyeumia mguu shimoni. Ni wema, sipingi. Lakini aliyeshika mashini ya kutoboa mawe miaka mingi, mara nyingi masikio yake ni mabaya kuliko mguu wake, na yeye mwenyewe hajui, kwa sababu nyumbani watu wamezoea kumpigia kelele. Sauti za chini anazisikia. Zinazompotea ni zile nyembamba, na ni hizo zinazotofautisha neno na neno. Kwa waongoza ndege sheria inakataza upungufu unaopita desibeli 35 kwa sauti za 500, 1000 na 2000, ama desibeli 50 kwa sauti ya 3000, katika sikio lolote. Sisi hatuongozi mnara, lakini sikio la binadamu ni moja. Mtu wa kuhamia foni apimwe mbele.

Hata sikio zima linachoka. Ukikaa asubui nzima kando ya grupu ya umeme ama ndege inayowasha mashini, mchana sikio linakuwa zito kwa saa nyingi, kama limezibwa na pamba. Kwa hiyo watu wa pisti wavae kaski ya makelele kila mara, na siku moja mtu mmoja asitoke kwa grupu kwenda kwa foni. Na grupu yenyewe isiwekwe chini ya dirisha la foni! Wandugu, tafazali tena, msichokore masikio kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Taka inasukumwa ndani, ngozi inapasuka, usaha unaanza.

Usingizi

Viwanja vyetu havina taa, havipokei ndege usiku. Lakini foni inasikilizwa, kwa ajili ya wagonjwa na ulinzi. Mwili wa binadamu uko zaifu kabisa kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya usiku. Hata mwenye nguvu, hata mwenye kunywa kahawa. Tena ndege ya kwanza inakuja asubui, wakati yule aliyekesha anafunga kaye akifikiri kitanda chake. Ndiyo maana kupokezana posti ni saa ya hatari. Anayetoka asitoke mpaka anayeingia amerudilia kwa kinywa chake: ndege gani ziko njiani, zinafika saa ngapi UTC, pisti ikoje, mgonjwa gani anangojea. Dakika 5 zinatosha.

Wazungu nao wana usingizi. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana hewani, watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Zilikuwa zinaongozwa kutoka Zürich, Uswisi. Mwongozi alikuwa peke yake mbele ya vioo viwili, kwa sababu mwenzake alikwenda kupumzika. Yalikuwa mazoea ya usiku, na wakubwa waliyajua. Usiku ule ule simu kubwa za kituo zilikatwa kwa matengenezo. Mtu mmoja, kazi ya wawili, simu imekufa. Msomaji anayejua posti zetu ataona ya kama mambo hayo hayako mbali sana na Maniema.

Lakini kuna usingizi mwingine, na huo ni wa kwetu kabisa. Kasongo na Kabambare ni katika fasi za inchi yetu ambapo malale, ndiyo ugonjwa wa usingizi, umekaa tangu zamani, kwa sababu ya inzi ya tsetse ya kando ya mito. Mtu anaanza na homa inayokuja na kwenda, kichwa kinauma, mwili unawasha, vifundo vinavimba nyuma ya shingo. Miezi inapita. Kisha tabia inageuka: mpole anakuwa mkali, mwenye bidii anakuwa mzembe. Anasinzia mchana na kukesha usiku. Watu wanasema ni pombe, ama ni mke, ama ni ndoki. Ugonjwa ukiachwa, kwa kawaida unaua. Shefu, mbele ya kumwandikia barua ya makosa mtu anayesinzia kila siku kwa posti, mtume kwanza kwetu tupime damu yake na vifundo vya shingo. Zamani watu walikimbia matibabu kwa kuogopa sindano ya arseniki, iliyochoma mishipa na kuua wengine. Siku hizi iko dawa ya kumeza, fexinidazole, iliyokubaliwa katika inchi yetu mwisho wa mwaka 2018, na wagonjwa wengi wanapona nayo kwa siku 10, wakimeza na chakula.

Juu ya pombe nitasema kidogo, mmekwisha kuchoka nami. Lutuku ya jana jioni iko bado ndani ya damu asubui, na maji ya baridi usoni hayaitoi.

Kwa wale wa pisti

Elisi inayozunguka haionekani. Ndiyo sababu inaua. Usikaribie ndege mpaka elisi imesimama na rubani amekuonyesha mkono, hata kama machela iko tayari na ndugu za mgonjwa wanalia. Helikopta inakaribiwa kutoka mbele, rubani akikuona, umeinama, kamwe si kwa mkia. Kofia na vitenge vishikwe. Mtu mmoja achaguliwe kushika ndugu za mgonjwa, kwa sababu mama anayefuata mtoto wake haoni elisi wala hasikii filimbi.

Na ikitokea siku mbaya, ndege imeanguka ama imepotea, yule aliyekuwa kwa foni aondolewe kwa kiti saa ile ile, mwingine aingie. Asiachwe peke yake, na asihojiwe na kila mtu anayepita mlangoni. Mleteni kwetu hata kama hana kidonda.

Wapya wote wafike kwa dispanseri mbele ya posti yao ya kwanza, si nyuma. Njoo asubui, masikio hayajasikia makelele. Mwenye miwani aje nayo, mwenye kumeza dawa yoyote aje na karatasi yake ama kopo lake, hata dawa ya kienyeji. Utanigeuzia mgongo, nitasimama mita 2, nitasema namba, nawe utazirudilia. Ukikosa kusikia moja, sema.